Rauta ya laini ya simu kwenye paneli ya pampu: nyota tatu na nusu

Nahudumia pampu za visima vya jumuiya moja ya watumia maji upande wa Mkinga, njia ya Horohoro. Mwenyewe nakaa Chumbageni, Tanga mjini. Masika yakikolea, kupanda pikipiki kwenda kuangalia tu kama tangi limejaa ni adhabu, ndiyo maana tukanunua hii rauta ya viwandani: boksi la bati la kupachika kwenye reli ya paneli, nafasi ya laini mbili, tundu la RS485 la waya wa kuongea na mashine, umeme wa volti 9 hadi 30. Laki sita na ushee, dukani Dar es Salaam. Chapa siitaji, maana ugomvi wangu ni na duka zaidi.

Kwa kazi yenyewe sina neno. Joto la paneli saa nane mchana inalistahimili. Umeme ukikatika na kurudi, inajiwasha na kutafuta mtandao bila kuguswa. Laini ya kwanza ikipotea inahamia ya pili, na kule kwetu hilo ni jambo la kila mvua. Kasoro ya umbo ni moja: vichwa vya antena. Upepo wa chumvi unavila upesi, vizungushie tepu ya mpira mapema.

Nyota zimepungua kwa namna inavyokabidhiwa. Fundi wa duka alitupangia "bure": nywila ile ile iliyochapwa kwenye karatasi ya maelekezo, ukurasa wa mipangilio unafunguka kutoka popote duniani, na mlango wa mtandao namba 502 umeelekezwa moja kwa moja kwenye PLC, kompyuta ndogo ya paneli inayoamrisha pampu. Akashauri niombe laini yenye anwani ya intaneti ya umma isiyobadilika, inayofikika kutoka popote, nione pampu kwenye simu nikiwa nimekaa barazani.

"Mdogo wangu, na mwingine akiiona akiwa barazani kwake?"

"Mzee wangu, nani atahangaika na kisima cha Mkinga?"

Hahangaiki mtu, zinahangaika programu. Zinapita kwenye anwani za intaneti usiku na mchana zikigonga, na tovuti ya Shodan inaorodhesha vifaa vilivyoitika, atazame atakaye. Niliiweka rauta mezani bila PLC, kwenye laini yenye anwani ya umma. Alasiri haijaadhiniwa, logi imejaa majaribio ya kuingia.

Huo mlango 502 ni wa Modbus, lugha ya mashine iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, enzi ambazo vifaa viliongea kwa waya ndani ya kiwanda kimoja. Ujumbe wake una namba ya kifaa, namba ya amri, rejista (kisanduku cha namba ndani ya PLC) na thamani. Pa kuuliza "wewe ni nani?" hamna. Aliyeufikia anaandika kwenye rejista ya pampu, na PLC inatii. Kisima chetu kikiwa chini halafu mtu akaiwasha pampu, mota imekwenda; na kuiwasha na kuizima ovyo ni kupasua mabomba.

Aliquippa, jimbo la Pennsylvania, Marekani, Novemba 2023, kilichovamiwa kimtandao kilikuwa kituo cha kusukuma maji cha vitongoji viwili tu. PLC yake ilikuwa ya Unitronics, na wahudumu wakalazimika kuendesha kwa mkono. Agizo la CISA, shirika la serikali ya kule, lilikuwa rahisi kabisa: badilisheni nywila ya kiwandani, 1111, na mziondoe PLC kwenye intaneti ya wazi. Hakuna gharama hapo!

Basi nikafuta kazi yote ya fundi. Sasa tunatumia laini ya kawaida, na rauta ndiyo inayopiga kwenda kwenye seva yetu kupitia VPN, njia iliyofungwa kwa siri ndani ya intaneti. Kutoka nje hakuna anayeipigia. Kila dakika inasoma rejista na kutuma kina cha tangi, ampea, na kama pampu imewaka. Hapa naisifu, uwezo huo imekuja nao na unafanya kazi vizuri, ingawa menyu ya VPN imepangwa na mtu asiyependa watu. Kubadili mipangilio ni kwa waya, paneli ikiwa wazi mbele yako. Kuwasha pampu kwa simu nimekataa, na katibu wa jumuiya bado amenuna. Kinga ya pampu kukauka ina rilei yake, swichi inayojikata yenyewe, imefungwa kwa waya hadi kwenye kontakta, swichi kubwa ya mota, haipiti kwenye PLC wala rauta. Nani aidanganye na hana pa kushika?

Programu mpya ya ndani ya rauta ipo bure kwenye tovuti ya kiwanda. Dukani ukiwauliza wanakutazama kama umeomba mkopo.

Ukienda kununua, ichukue ikiwa na lakiri yake na huo upangaji wa bure uukatae. Ongeza na kebo ya antena ya mita tano, ile ya kwenye boksi haifiki hata nje ya paneli.