Vioo vikavu vya J. Lane kwenye jua la Mombasa

Mapitio ya vioo hivi vya kupigia picha, vinavyowekwa kwenye kamera badala ya filamu, yapo mengi, ila karibu yote yameandikwa na watu wa nchi za baridi wanaopiga picha za miti na theluji. Mimi napiga wazee wa Mji wa Kale, Mombasa, kwa kamera ya inchi 4 kwa 5. Mambo niliyotaka kujua kabla sijalipa sikuyapata popote, basi nayaandika hapa.

Vioo vinatengenezwa na Jason Lane, New Hampshire, Marekani. Kila kimoja kimepakwa jelatini yenye chumvi za fedha, njia iliyopendekezwa na daktari Mwingereza Richard Maddox mwaka 1871. Kabla ya hapo mpiga picha alikipaka kioo dawa, akakipiga na kukisafisha, yaani kuitoa picha kwa dawa, kingali kibichi, kwa hiyo akitoka nje ya studio ilimbidi abebe na hema la giza. Hivi vikavu vinakaa kwenye boksi hadi siku utakayovihitaji.

Kasi yake, yaani wepesi wa kushika mwanga, ni ISO 2. Juani saa sita mchana, tundu la lenzi likiwa dogo, f/16, shata inakaa wazi nusu sekunde. Barazani kivulini nafungua hadi f/5.6 na nusu sekunde bado naihitaji, mara nyingi na zaidi. Stendi iwe nzito, na anayepigwa apewe kiti chenye egemeo.

Jambo kubwa ni kwamba kioo hiki kinaona buluu na urujuanimno peke yake. Njano inakifikia kwa taabu, nyekundu hakiioni kabisa. Shangazi yangu alikuja kupigwa amejifunga leso ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe inayojulikana kwenye kila harusi ya pwani. Nyekundu yote ikatoka nyeusi, yakabaki madoa meupe yanayong'aa. Alipoiona picha akasema, "Mwanangu, leso yangu umeitia rangi gani?" Leso za buluu hufanya kinyume, zinapauka hadi maua yake hayaonekani. Siku hizi naulizia leso kabla sijauliza saa ya kukutana.

Ngozi zetu nazo zina wekundu na unjano ndani yake, kwa hiyo kwenye kioo hiki hutoka nyeusi kuliko zilivyo. Tazama picha za kale za studio ya Gomes ya Zanzibar: anga jeupe kabisa, nyuso nzito. Vioo vya zamani vilichangia hilo, na naona ni jambo la kulijua kabla mtu hajamlaumu mpiga picha au mpigwa. Ukifuata mita ya kupimia mwanga jinsi inavyosema, uso wa mzee utazama na macho yatapotea. Mimi nawapa mwanga mara mbili ya ilivyosema mita, wengine hata mara tatu. Nawakalisha ukingoni mwa baraza, nje ya jua, mahali ambapo anga la wazi linawaangukia usoni, kisha nafupisha muda wa kusafisha ili kanzu isichomeke ikawa karatasi tupu. Ukifanya hivyo kioo kinakulipa. Mikunjo ya paji la uso, mvi za kidevuni, nyuzi za kofia ya viua, vyote vinasomeka kwa ukali ambao sijaupata kwenye filamu niliyowahi kutumia.

Ikishapita saa kumi na moja jioni, funga mzigo. Mita itakwambia mwanga ungalipo, lakini huo umeshakuwa mwekundu na kioo hakiutambui.

Mandhari sina mengi ya kusema. Bandari ya Kale, bahari na anga vinakuwa vyeupe pamoja, Nyali ng'ambo inafifia, na kuta za Fort Jesus zinatoka nzito. Wapo watakaopenda.

Kusafisha ndiko ninakokupenda zaidi. Unafanya kazi chini ya taa nyekundu, unaona kila kinachotokea kwenye trei. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu panaanza kuiva penye kanzu, ukafuata ukuta wa chokaa, ukafuata mkono ulioshika bakora. Uso unakuja mwisho kabisa. Ukishaanza kusomeka naupa muda kidogo, kisha natoa.

Tatizo ni joto. Dawa inatakiwa iwe nyuzi 20 hivi, na maji ya bomba ya hapa hayakaribii huko hata usiku. Maji ya moto hulainisha jelatini, nayo ikaanza kujinyanyua pembeni kama utando wa maziwa, na ikishanyanyuka picha imekwenda. Mimi naziweka trei ndani ya beseni lenye chupa za maji zilizogandishwa, na maji ya kusuuzia nayapoza vilevile. Kikitoka kwenye dawa, nakisuuza kisha nakiloweka kwenye maji ya shabu kabla ya fiksa, dawa ya kuidumisha picha. Shabu hukaza jelatini. Wapiga picha wa karne ya 19 waliitumia kwa kazi hiyohiyo. Kianike wima, kivulini, pasipo vumbi.

Gharama haziishii kwenye boksi. Kioo kimoja ni ghali kuliko shiti ya filamu ya saizi hiyo, na vishikio vya kawaida vya filamu havikipokei kwa unene wake, kwa hiyo utatafuta vishikio vya kioo, vya zamani vya mbao au vipya. Ongeza nauli na ushuru. Msafirishaji mmoja aliwahi kunifikishia boksi lenye kioo kilichopasuka pembe, basi fungua mzigo wako mapema, tena chini ya taa nyekundu.

Mwenye kazi za harusi hivi havimfai. Mwenye kamera kubwa tayari, chumba cha giza, na watu anaotaka kuwatazama kwa utulivu, avinunue bila wasiwasi. Negativu ya kioo, ile picha yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, haijikunji; unailaza juu ya karatasi ya chumvi, iliyopakwa chumvi na dawa ya fedha, na jua linakuchapia lenyewe.

Lane anauza pia Speed Plate ya ISO 25, inayoona hadi kijani. Kwa watoto ningechukua hiyo. Wazee nitaendelea kuwapiga kwa ISO 2.