Sindano ya mgongo niliyochomwa Nakuru: mtu wa ganzi anastahili nyota zote

Wanaoandika kuhusu hospitali za uzazi husifu vyumba, supu ya asubuhi na upole wa manesi. Hayo yana maana yake. Lakini ukiwa thieta, anayekaa kichwani pako akiangalia presha na pumzi yako tangu mwanzo hadi mwisho ni mtu wa ganzi, na huyo hatajwi na yeyote. Basi mimi namtaja kwanza. Nilijifungua mtoto wangu wa pili kwa upasuaji uliopangwa, katika hospitali moja ya binafsi hapa Nakuru, na huduma ya ganzi niliyopewa naipa nyota tano.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na ikifika Januari nakaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi usiku. Mgongo wangu ndio unaolisha nyumba. Kwa hiyo niliposikia mtoto amekaa matako chini, na kwamba kwa sababu nina kovu la upasuaji wa kwanza nitapangiwa thieta wiki ya 39, sikuogopa kisu. Niliogopa sindano ya mgongo, ile ya kutia ganzi sehemu ya chini ya mwili. Shangazi yangu wa Njoro alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, kubali yote, lakini mgongo wako wasiuguse." Wateja wangu nao kila mmoja alikuwa na jirani ambaye hainuki vizuri hadi leo. Niliamua kuomba nusukaputi, yaani kulazwa usingizi kabisa, kama mara ya kwanza.

Mara ile ya kwanza ilikuwa dharura, katika hospitali nyingine. Kamba ya kitovu cha mtoto ilitangulia, mapigo ya moyo wake yakaanza kushuka, na hapakuwa na wakati wa kuulizana. Nililazwa usingizi mara moja, na mtoto akatoka mzima. Siidharau nusukaputi hata kidogo. Bila hiyo nisingekuwa na kifungua mimba. Ila niliamka koo likiuma, kichwa kizito, na mtoto alikuwa ameshaoshwa, amevishwa na kuonyeshwa kwa watu wote isipokuwa mimi.

Safari hii daktari wangu wa kliniki aliniandikia barua nikamwone daktari wa usingizi, ndiye huyo mtu wa ganzi, kabla ya siku yenyewe. Kikao hicho ndicho hasa ninachokisifu. Alifungua kile kitabu cha mama na mtoto akasoma kila ukurasa, kisha akaniuliza mambo ambayo sikuwahi kuulizwa: kuna mtu wa ukoo wetu aliyepata shida thieta kwa sababu ya dawa za usingizi? Nina jino linalocheza? Nikijikata natoka damu muda mrefu? Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Aliniambia nipanue mdomo na niinamishe kichwa nyuma, akanipapasa mgongo mfupa kwa mfupa, akatazama majibu ya damu, hasa idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Akaniambia zikiwa chache mno, au mtu akiwa anavuja damu nyingi, au ana kidonda chenye maambukizi pale pa kuchoma, sindano ya mgongo huachwa na nusukaputi ndiyo hutumika.

Nilipomwambia ninataka kulazwa usingizi, hakunikatiza. Alinisikiliza hadi nikamaliza habari za shangazi, ndipo akanieleza. Kwenye nusukaputi mpira hupitishwa kooni na mashine hukusaidia kupumua. Koo la mjamzito huwa limevimba kidogo, hivyo mpira unaweza kuwa mgumu kupita, na yaliyomo tumboni hurudi juu kwa urahisi yakaweza kuingia mapafuni. Dawa nyingine humfikia mtoto, akazaliwa mzito wa usingizi. Kwa sindano ya mgongo unabaki macho na unapumua mwenyewe, na dawa inayomfikia mtoto ni kidogo sana. Akagusia pia epidurali, ule mrija mwembamba unaoachwa mgongoni ili dawa iongezwe kidogo kidogo. Huo, alisema, unafaa zaidi kutuliza uchungu wa kuzaa wa saa nyingi. Kwa upasuaji uliopangwa sindano moja hufanya kazi haraka na kwa uhakika zaidi.

Kisha tukafika mgongoni. Alichukua kalamu akachora. Ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo kwa mtu mzima huishia juu kidogo ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, usawa wa mifupa ya nyonga, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoweza kusogea. Madhara ya kudumu ya neva yapo, hakunificha, ila ni nadra mno. Na maumivu ya mgongo baada ya kuzaa huwapata wengi, waliochomwa na wasiochomwa, kwa sababu ya mimba yenyewe, kunyonyesha ukiwa umeinama na kubeba mtoto. Pale palipochomwa panaweza kuuma siku chache, basi.

Nilimwuliza sindano ni namba ngapi. Ni swali la fundi, lakini alilijibu kwa makini. Kwetu sindano ya cherehani namba 16 ni nene kuliko namba 11. Kwao ni kinyume, namba 25 au 27 ni nyembamba kuliko 22. Tena walikuwa na zile ambazo ncha yake haikati, inatenganisha nyuzi tu. Hilo nililielewa papo hapo: anayeshona kitambaa cha kufumwa hutumia sindano ya ncha butu ili asikate uzi. Tundu likiwa dogo, maji ya uti hayavuji sana, na ni kuvuja huko kunakoleta kile kichwa kinachouma ukiketi na kupoa ukilala. Kikikupata, alisema, usivumilie nyumbani. Rudi hospitali, kuna dawa, na kikikataa kuisha kuna njia ya kuziba tundu kwa damu yako mwenyewe. Kuhusu kulala chali bila mto siku nzima ili kuzuia kichwa, jambo ambalo kila mama wa mtaani huliamini, alisema utafiti haujaonyesha kwamba linasaidia.

Nilitoka pale nimechagua sindano ya mgongo, na nilichagua mwenyewe.

Siku ya upasuaji nilikuwa nimekula mara ya mwisho usiku. Asubuhi niliruhusiwa turungi kikombe kimoja, bila maziwa, saa mbili na zaidi kabla ya kuingia thieta. Nalisema hili kwa sababu wengi huachwa na kiu tangu usiku wa manane bila sababu.

Thieta ilikuwa baridi. Niliketi kitandani nikakumbatia mto, sista akanishika mabega na kuniambia, "Mama, inamia mbele, legeza mabega, usitikisike." Dawa ya kusafisha ilikuwa ya barafu. Sindano ndogo ya kufisha ngozi iliwasha, halafu ile yenyewe nikaisikia kama kusukumwa tu, bila maumivu makali. Miguu ikapata joto, ikawa mizito, kisha haikuwa yangu tena. Nililazwa, meza ikainamishwa kidogo upande wa kushoto ili tumbo lisiubane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Daktari akanipitisha pamba yenye spiriti kuanzia mguuni kwenda juu, akiuliza, "Unasikia baridi hapa? Na hapa?" Hakuruhusu mtu kugusa kisu hadi baridi ilipopotea mpaka usawa wa matiti. Mbele yangu aliwaambia wenzake kwamba nikisikia maumivu makali nitasema, na watasimama.

Dakika chache baadaye nilihisi kichefuchefu, sauti za watu zikawa mbali. Nilimwambia. Alikuwa ameshaiona kwenye mashine, presha ilishuka, akanipa dawa kwenye mshipa na hali ikatulia kabla sijamaliza kuogopa. Hii ndiyo shida ya kawaida kuliko zote za sindano hii, na ndiyo sababu mtu wa ganzi hapaswi kutoka chumbani hata kwa simu. Wangu hakutoka.

Nilisikia kuvutwa na kusukumwa, uchungu hapana. Kisha nikamsikia binti yangu akilia, akawekwa kifuani pangu akiwa bado na unyevu, na sista akanisaidia kumshika kwa sababu nilikuwa natetemeka mikono. Kutetemeka huko ni kawaida, ingawa hakuna aliyenionya. Vilevile kuwashwa pua na kifua, kunakoletwa na fentanili, dawa kali ya maumivu waliyochanganya kwenye dawa ya ganzi. Nilidhani ni mzio nikaanza kulia. Sentensi moja tu kwenye kile kikao ingetosha kunituliza.

Jioni ndipo hospitali iliponiangusha. Miguu ilirudi alasiri, na ganzi ilipoisha maumivu yalikuja yote pamoja, huku sista wa zamu akisema dawa yangu ni ya saa mbili usiku. Dawa za maumivu zinafaa kutolewa kabla ganzi haijaisha, si baada ya mama kuanza kulia. Mwulize daktari wa usingizi aandike saa kwenye karatasi yako ya dawa, na mtu wako aliye kando ya kitanda aikumbushe wodi. Wenzangu wawili wodini walikuwa wamemwona mtu wa ganzi mara ya kwanza wakiwa tayari juu ya meza. Mmoja hakujua angebaki macho. Kikao kama changu hakifai kutegemea barua ya daktari mwenye huruma. Naipa hospitali nyota tatu na nusu kwa sababu hiyo.

Binti ana miezi kadhaa sasa. Nimeshona msimu mzima wa sare, na mgongo wangu uko vile ulivyokuwa. Kichwa hakikuniuma.

Kuhusu malipo: ada ya daktari wa usingizi iliandikwa kando na ya daktari wa upasuaji, na kikao cha kliniki kikalipiwa peke yake. Uliza mapema, ukiwa na kitambulisho chako, ni ipi kati ya hizo SHA, bima ya afya ya serikali, italipa na ni ipi utatoa mfukoni, na uombe wakuandikie. Ukienda kwenye kikao, beba kitabu cha kliniki, majina ya dawa zote unazotumia pamoja na za mitishamba, na kama umewahi kupasuliwa, karatasi ya kutoka hospitali ile ya kwanza. Yangu ilikuwa imeandikwa dawa niliyolazwa nayo usingizi, na ndiyo karatasi aliyoisoma kwa muda mrefu zaidi.