Matairi ya Nankang NS-2R kwenye MX-5 yangu: siku tatu Brands Hatch na njia ya kurudi nyumbani

Gari langu ni Mazda MX-5 ya mwaka 2002, injini ya 1.8, viti viwili. Ndilo linalonipeleka kazini Maidstone siku tano kwa wiki, ndilo linalobeba mfuko wa mchele kutoka dukani, na ndilo hilo hilo ninaloingia nalo Brands Hatch, saketi ya mbio za magari hapa Kent, Uingereza, nikipata siku. Sina trela wala gari la pili. Kwa hiyo tairi ninalolitaka lina kazi mbili, na ya pili ndiyo wengi wanaisahau wakati wa kununua: likishakimbizwa kutwa nzima, jioni linirudishe nyumbani salama, hata kama mvua inanyesha.

Marehemu baba alikuwa dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma. Kabla ya safari alilizunguka lori na kipande cha mti mkononi, anagonga tairi moja moja na kusikiliza. Lililojaa lilirudisha mti kwa mlio mkavu, lililopungua upepo lilimeza pigo. Njiani, kila akisimama, aliyagusa kwa kiganja. Lenye joto kuliko wenzake lina jambo, alikuwa akisema. Nayataja haya kwa sababu sehemu kubwa ya niliyojifunza kuhusu matairi haya nimeyajua kwa kiganja hicho hicho, pamoja na geji ya upepo ya bei ndogo.

Matairi niliyoyakuta kwenye gari nilipolinunua yalikuwa ya bei chee, jina silitaji. Barabarani sikuwa na malalamiko nayo. Siku yangu ya kwanza kwenye saketi ndiyo niliyajua. Kona ya kwanza pale Brands Hatch inaitwa Paddock Hill. Unaikata kulia kabla hujaona inakoishia, na ukiwa katikati yake barabara inazama chini yako kama mtu kavuta mkeka. Matairi yalipiga kelele kwa mizunguko minne mitano, yakapata moto kupita kiasi, kisha yakaachia yote kwa pamoja. Gari likageuka likaenda kusimama kwenye changarawe. Halikugonga kitu na sikuumia. Lakini nilitetemeka mikono, na jioni ile nilianza kutafuta tairi jingine.

Saizi yangu ni 195/50R15. Ringi za inchi 15 zinazidi kupungua kwenye magari mapya. Nilijikuta na makundi matatu mbele yangu. La kwanza ni matairi mazuri ya kawaida ya barabarani: yanashika vizuri kwenye maji, yanadumu, lakini kashata zake, vile vipande vya raba vinavyokanyaga barabara, ni ndefu na laini, na ukiyakamua dakika ishirini mfululizo zinaanza kuyumba na kumeguka. La mwisho ni semisliki halisi, matairi yanayokaribia yale ya mbio yasiyo na mifereji kabisa, kama Toyo R888R au Nankang AR-1. Kisheria yanaruhusiwa barabarani, ila yana mifereji michache. Kwenye lami kavu yakishapata moto hakuna mjadala. Kwenye dimbwi la maji la barabara kuu usiku, sitaki kuwa ndani ya gari hilo. Katikati ndiko waliko Yokohama Advan Neova, Federal 595 RS-RR na hii NS-2R.

Mtu akikushauri utazame namba ya TREADWEAR ubavuni mwa tairi, msikilize, lakini ujue inatoka wapi. Ni kipimo cha Marekani. Matairi hufungwa kwenye msafara wa magari unaozunguka barabara za Texas kwa maili 7,200, kisha uchakaaji wake hulinganishwa na tairi la kipimo lenye alama 100. La 200 kwa hesabu hiyo lingedumu mara mbili. Lakini kiwanda chenyewe ndicho kinachojipa alama, kwa hiyo 180 ya huyu si lazima iwe 180 ya yule. Mimi naitumia kujua jamii ya tairi tu: likiwa chini ya 100 ni la saketi lililovaa nguo za barabarani, likiwa juu ya 300 ni la barabarani. NS-2R inauzwa kwa mchanganyiko wa raba wa aina mbili, 120 na 180. Nilichukua 180, kwa ajili ya ile njia ya jioni.

Kwenye ununuzi nilikutana na jambo la kukuonya. Muuzaji wa kwanza aliniletea matairi manne mlangoni, mapya, yana vinyweleo vyake, yananukia raba. Nikayawekea tochi ya simu na kutafuta ile namba ya tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mawili yalikuwa ya mwaka ule, mawili yalikuwa yamekaa ghalani zaidi ya miaka mitatu. Kwa tairi la kawaida ningenyamaza. Kwa tairi unalolinunua kwa sababu ya ulaini wa raba yake, miaka mitatu ni mingi, maana raba hukauka hata ikiwa imekaa tu. Tena ukifunga mapya upande mmoja na ya zamani upande wa pili, gari litashika kulia tofauti na kushoto. Nilibishana nao wiki nzima, mwishowe nikayarudisha kwa gharama yangu. Duka la pili nilinunua kwa kwenda mwenyewe. Manne, kufungwa na kubalansi, yalinitoka pauni 340. R888R zingenipandisha pauni mia na hamsini na zaidi juu ya hapo.

Tairi jipya usilikimbize siku ya kwanza. Lina mafuta yaliyobaki kutoka kwenye kalibu la kiwandani na linateleza. Niliyatembeza kilomita kama 200 za kwenda na kurudi kazini kabla ya kuyadai chochote. Katika siku hizo nilichokisikia zaidi ni usukani: umekuwa mzito kidogo, na gari linajibu mara moja ukiugusa. Na kelele. Kwenye lami chakavu yanavuma, na kwenye barabara kuu ya M20 unapandisha redio. Nimeizoea, mke wangu bado.

Siku ya kwanza nayo Brands Hatch ilikuwa mwezi wa kumi, asubuhi kavu yenye baridi ya nyuzi kama 10. Nilianza na upepo wa psi 26, ndiyo namba ya kitabu cha gari. Mizunguko miwili ya mwanzo tairi ni gumu, halisemi kitu, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka kwa kulidai mapema. Mzunguko wa tatu linaamka. Nakumbuka hasa kona ya Druids, ile ya kupanda kilima na kugeuka nyuma kabisa: niliingia kwa mwendo uleule ambao matairi ya zamani yangeshaanza kulia, na pua ya gari ikaenda nilipoielekeza. Kwenye Paddock Hill nilikaza roho. Gari likaanza kuteleza, lakini kidogo kidogo, kwanza mtetemo mwepesi kwenye usukani, kisha mlio wa chini, kisha nyuma ikasogea kiasi cha mkono mmoja. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Hicho ndicho nilichokilipia. Kasi imeongezeka, ndiyo, ingawa kwenye siku hizi za wazi, za watu kuingia saketi na magari yao wenyewe, kupimana muda hairuhusiwi na mimi sikupima. Lakini kinachonifanya niyasifu matairi haya ni kwamba yanaaga kabla ya kuondoka.

Baada ya dakika 15 nikaingia kupumzika na kupima. Psi 26 zilikuwa zimekuwa 33. Kwa gari jepesi kama hili, la zaidi kidogo ya tani moja, 33 ni nyingi: tairi linasimama katikati na kuacha mabega. Nikapunguza hadi 30 yakiwa ya moto. Kabla ya kurudi ndani nilichora mstari wa chaki kutoka kwenye kashata hadi ubavuni, kila tairi. Niliporudi, kwenye tairi la mbele kushoto chaki ilikuwa imefutika mpaka ukingo wa bega na kuvuka kidogo kwenda ubavuni. Maana yake tairi linalala kwenye kona na kukanyagia ubavu. Nikaweka kiganja: bega la nje linachoma na lina mikunjo kama ya msasa, bega la ndani vuguvugu. Ile njia fupi ya Brands Hatch ina kona nyingi za kulia, kwa hiyo mzigo wote wa siku unabebwa na tairi la mbele kushoto. Upepo peke yake haukuwa dawa. Wiki iliyofuata nilimpelekea fundi wa alaimenti akayainamisha magurudumu ya mbele, vichwa vyake viingie ndani nyuzi moja na nusu badala ya ile nusu iliyokuwepo. Siku ya pili ya saketi chaki ilifutika sawasawa hadi ukingoni ikaishia hapo. Kama una hela ya kufanya jambo moja tu zaidi ya kununua matairi, lipa alaimenti.

Njia ya kurudi, siku ile ya kwanza, ndiyo ninayoikumbuka kuliko mizunguko yote. Saa kumi na moja jioni giza limeanza kuingia, mvua imeanza, nimechoka, nataka kufika. Nilikuwa nimeshawasha gari nikakumbuka geji. Nikashuka kupima. Tairi lililokuwa 30 likiwa la moto sasa lilikuwa 23, maana upepo ukipoa unasinyaa, na mimi mchana nilikuwa nimeutoa. Psi 23, raba ya nusu saketi, barabara ya A20 inashuka mlima wa Wrotham, maji yanatiririka pembeni. Niliinama na pampu ya mguu nikayarudisha yote manne kwenye 26, mvua inaniingia shingoni. Kisha nikaenda polepole. Kwenye lami iliyolowa tu matairi yalishika vizuri, vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwenye maji yaliyosimama hapana. Karibu na makutano ya kuingia M20 kulikuwa na mkondo unavuka njia, na nilihisi usukani ukiwa mwepesi mkononi kwa kitambo, gari linaelea. Sikugusa breki, nikaachia mafuta, likashika tena. Tangu hapo, mvua ikiwa kubwa, mwendo wangu ni maili 50 kwa saa kwenye barabara kuu, na sioni haya kupitwa na malori.

Kwa hiyo nina sheria yangu. Sheria ya Uingereza inaruhusu kina cha kashata kishuke hadi milimita 1.6. Mimi nikifika 3 nayaondoa barabarani, kwa sababu ile mifereji ya NS-2R si mingi na ikipungua kina hakuna pa kupitisha maji. Na kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu nafunga matairi ya kawaida kwenye ringi zangu za zamani. Kwenye baridi ya asubuhi inayokaribia kuganda, raba hii inakuwa kama ubao.

Sasa zimeisha siku tatu za saketi na kilomita kama 6,000 za kazini na sokoni. Jana nilipima tairi la mbele kushoto: nje milimita 3.4, katikati 4.1, ndani 4.3. Ya nyuma yote mawili yako juu ya 5. Nilikuwa nayahamisha mbele na nyuma baada ya kila siku ya saketi kwenye siku mbili za mwanzo. Ya tatu nilizembea, na tofauti ndiyo hiyo unaiona. Kwa matumizi yangu, mawili ya mbele kwa mwaka mmoja na ya nyuma kwa mwaka na nusu au zaidi, naona ni hesabu ninayoimudu. Wenzangu wa semisliki wanabadilisha mapema kuliko hapo, na wengi wao wanakuja na gari kwenye trela.

Mdogo wangu yuko Mbezi na ameshaniuliza kama nimtumie seti kwa ajili ya IST yake. Nilimkatalia. Kwa foleni, mashimo na vumbi la mchanga kwenye lami angelipia raba asiyoitumia hata siku moja, na msimu wa masika, barabara zikijaa maji, angekuwa na tairi baya kuliko alilonalo. Na wewe kama saketi unaenda mara moja kwa mwaka, nunua tairi zuri la barabarani, badilisha mafuta ya breki, ufurahie siku yako. Haya ni ya mtu anayekwenda mara tatu nne kwa mwaka na gari la kazini, lisilo zito, na aliye tayari kuinama na geji asubuhi, mchana na jioni.

Kabla ya kwenda, soma pia bima yako. Nyingi hazikufuniki ukiwa ndani ya saketi. Na nati za magurudumu zikaze kwa spana ya kipimo wewe mwenyewe, kabla ya kuingia na tena baada ya mzunguko wa kwanza, usitegemee mashine ya upepo ya gereji.

Siku yangu inayofuata ni mwezi wa nne. Mawili ya mbele nimeshayalipia, NS-2R tena, 180 tena. Safari hii nilimwomba muuzaji anisomee tarakimu nne za DOT kwa simu kabla sijatoa kadi. Alikwenda ghalani, akarudi, akanisomea: ni ya wiki chache tu zilizopita.