CalculiX kwa laminati za nyuzi: inafaa wapi, inakwama wapi

Anayetaka kukokotoa mkazo na joto katika laminati, yaani kipande cha tabaka za nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi ya epoksi, bila kulipia leseni aanze na CalculiX. Ni programu huria chini ya GPL, kazi ya Guido Dhondt na Klaus Wittig wa MTU Aero Engines, Ujerumani. Faili lake la maelekezo linafanana sana na la Abaqus, programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo, kwa hiyo ukihama baadaye hutaanza upya.

Tabaka huandikwa moja moja chini ya amri *SHELL SECTION, COMPOSITE: unene, nafasi tupu, jina la malighafi, jina la mwelekeo. Kwa mfano: 0.125,,KABONI,P45. Wengi hukwama hapa, kwa sababu kati ya elementi (vipande vidogo vya modeli vinavyoungana kwenye nukta ziitwazo nodi), mpangilio huu unakubali za S8R (nodi nane) na S6 (nodi sita) tu. Ukija na meshi (mtandao wa elementi) ya S4, zenye nodi nne, huna budi kuitengeneza upya. Halafu kila tabaka hugeuzwa kuwa elementi nene ya pande tatu: bamba la elementi 2,000 lenye tabaka 16 linakuwa na elementi 32,000, na kumbukumbu ya kompyuta ndogo inaisha.

Sifa za malighafi zinataka umakini. Kwa kaboni ya mwelekeo mmoja, E1 (ugumu kuelekea nyuzi) ni kama MPa 135,000, E2 (ugumu kukatiza nyuzi) 10,000, nu12 (uwiano wa Poisson) 0.3, G12 (ugumu wa mkato) 5,000. G23, ugumu wa mkato katika bapa linalokatiza nyuzi, hukaa peke yake mstari wa pili. Kosa baya kuliko yote ni kubadilisha E1 na E2 huku nu12 ikibaki 0.3. Ili matriksi ya ugumu iwe halali, nu12 lazima iwe chini ya kipeuo cha pili cha E1/E2, ambacho sasa ni 0.27 tu. Majibu yatakayotoka hayana maana yoyote, hata picha zake zikipendeza.

Upande wa joto ndipo programu hii inaponivutia zaidi. *EXPANSION (upanukaji) na *CONDUCTIVITY (upitishaji joto) zote zinakubali TYPE=ORTHO, yaani thamani tofauti kwa kila mwelekeo, na ni lazima uitumie: kaboni karibu haitanuki kuelekea nyuzi, lakini kukatiza nyuzi hutanuka kama 30e-6 kwa kila digrii. Mkazo unaobaki baada ya kupika laminati unatokana na tofauti hiyo. Weka joto la mwanzo 120 kwa *INITIAL CONDITIONS, kisha poza hadi 20.

Kabla ya kuamini modeli yako, jaribu ukanda wa tabaka mbili, 0 na 90, kila moja milimita 0.125. Kwa namba hizo, na upanukaji wa sifuri kuelekea nyuzi, nadharia ya laminati inatoa mkunjo wenye nusukipenyo cha milimita 96 hivi. Ukanda wa milimita 20 ulioshikwa upande mmoja, bila kuzuiwa kusinyaa, unyanyuke ncha takriban milimita 2.1. Ukibaki bapa, mielekeo yako yote miwili inaelekea upande mmoja.

Udhaifu mkubwa ni kwamba vigezo vya kuvunjika kama Tsai-Wu na Hashin havimo. Toa mkazo kwa *EL PRINT, ambayo huandika thamani za ndani ya kila tabaka bila kuziwastanisha kwenye nodi, kisha kokotoa mwenyewe kwa Python. Kwa kipande kitakachobeba mtu, mimi nisingeishia hapo. Ningekata sampuli za laminati hiyohiyo na kuzivunja kwenye mashine kwanza.