Fundi bomba aliyekataa kuziba ukuta siku hiyohiyo

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, Tabata Kimanga, Dar es Salaam, na mteja akiniletea gauni la dukani aniulize kama limeshonwa vizuri, naligeuza ndani nje kwanza. Kwa nje kila nguo inapendeza. Uzembe unajificha kwenye mishono. Kwa jicho hilohilo nimemtazama fundi bomba ninayemwandika hapa, maana kazi yake karibu yote inafukiwa ukutani na mwenye nyumba haioni tena mpaka siku iharibike.

Shida ilianzia chumba cha mama. Mama yangu ana miaka 81 na kifua chake hakivumilii ubaridi. Mwezi wa nne rangi ya ukuta unaopakana na bafu ikaanza kuvimba, ikabanduka vipande vipande, na chini karibu na sakafu ukatoka ukungu mweusi. Kitanda tukakivuta mpaka upande wa pili. Wakati huohuo bili ya maji ikapanda. Tuko watu watano na kwa miaka mingi tumezoea uniti 14 kwa mwezi, ikizidi sana 15. Ikaja 22, mwezi uliofuata 23. Uniti moja ni lita 1,000. Kuna maji tulikuwa tunayalipia na hakuna aliyeyaoga wala kuyapikia.

Kabla ya huyu walipita wawili, na majina yao siyataji. Wa kwanza alifika na nyundo na tindo, akauliza mabomba yanapita wapi, na sijamaliza kujibu marumaru nne za jikoni ziko chini. Akabadilisha koki ya sinki ambayo haikuwa na neno, akachukua kianzio cha shilingi 50,000 eti anakwenda kununua elbo, kile kiungio cha kona cha bomba. Simu yake haikupatikana tena. Wa pili aliutazama ukuta akasema ni masika, maji yanapanda kutoka kwenye msingi, akapaka rangi ya kuzuia maji kwa shilingi 70,000. Wiki tatu tu rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua. Iliniuma sana. Hela inauma, lakini mama alishaanza kukohoa usiku, na ni mimi niliyemwambia kwamba limekwisha, arudi kulala karibu na dirisha lake.

Huyu wa tatu nilipewa namba yake na mteja wangu mmoja, muuguzi. Alichoniambia ni hiki tu: "Atakuuliza maswali mengi, uwe na subira naye."

Kweli. Nilimpigia Jumatano jioni, akaniamkia, kisha akaanza. Tenki liko juu ya mnara? Mnara wa mita ngapi? Boya linafunga vizuri tenki likijaa? Mabomba ya ndani ni ya chuma au ya plastiki? Bili ilipanda ghafla au kidogo kidogo? Choo cha kukaa kinatoa mlio usiku? Hakutaja bei na hakuniambia tatizo ni nini. Akasema, "Mama, usiku wa leo tenki likishajaa na watu wakishalala, nenda kwenye mita uniandikie namba zote, nyeusi na zile nyekundu. Alfajiri, kabla mtu hajafungua maji, andika tena. Kesho nikija nizikute."

Kwenye mita yetu namba nyeusi zinahesabu uniti, na nyekundu ya mwisho inahesabu lita. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui. Niliandika saa nne usiku, nikaandika tena saa kumi na moja alfajiri. Tofauti ilikuwa lita 84, na hakuna aliyeamka. Fundi alipofika akachukua kalamu: lita 84 kwa saa saba ni lita 12 kwa saa, kwa siku ni 288, kwa mwezi ni uniti nane na zaidi. Ukitoa hizo kwenye bili ya uniti 22 unabaki na 14 zetu za kila siku. Hapo hata nyundo haijatoka kwenye mkoba.

Niseme pia kwamba alichelewa. Tuliahidiana saa tatu asubuhi akafika saa tano na nusu. Ilipofika saa tatu kasoro alinipigia kunieleza kwamba amekwama kwa mteja mwingine ambaye bomba limepasuka. Mimi nashonea nyumbani, sikupoteza kitu. Mtu aliyeomba ruhusa kazini ingemgharimu siku nzima. Na ujumbe wa simu hajibu, ni mpaka umpigie.

Kazi aliianza kwenye mita. Kwenye uso wake kuna kijinyota kidogo kinachozunguka hata maji yakipita membamba kama uzi. Tulifunga koki zote za nyumba, kijinyota kinazunguka. Akapanda mnarani akafunga valvu ya chini ya tenki, akangoja tenki lijae na boya lifunge. Kijinyota kikasimama. Maana yake bomba la kutoka mitani mpaka kwenye tenki ni zima, maji yanapotelea ndani ya nyumba. Akafungua tena, akafunga njia ya jikoni peke yake: kinazunguka. Akafungua ya jikoni, akataka kufunga ya bafuni, valvu ikagoma kwa kutu. Akaniita nione kabla hajaigusa tena. "Hii nikiilazimisha itavunjika, na mpya ni kama elfu 18. Nikuwekee au tutafute njia nyingine?" Nikasema weka. Ile mpya ilipofungwa, kijinyota kikasimama kimya.

Kwa hiyo ni bafuni, na zile marumaru zangu nne za jikoni zilivunjwa bure.

Bafuni hakuvunja. Aligonga marumaru moja moja kwa mpini wa bisibisi, sikio ameliegesha ukutani, kisha akahamia chumbani kwa mama akafanya vivyo hivyo upande ule. Mama alikuwa amekaa kitandani anamtazama. Akamuuliza, "Mwanangu, mbona huvunji?" Akajibu, "Bado bibi, nasikiliza kwanza." Kuna mahali sauti ilibadilika, ikawa nzito, kama unagonga mfuko wa mchanga mbichi. Akapaweka alama ya penseli. Akaomba shuka kuukuu, akafunika kitanda cha mama na kuziba mlango vumbi lisipite, akamsaidia bibi kutoka kwenda barazani. Hilo la shuka hakuna aliyemwagiza.

Alikwangua simenti nyeupe kuzunguka marumaru mbili tu za bafuni, akazibandua taratibu. Moja ilitoka nzima, ya pili ikakatika kona. Nyuma yake mchanga ulikuwa umelowa, na ndani kabisa, kwenye elbo inayopandisha maji ya bomba la mvua, palikuwa na mchirizi mwembamba wa maji usio na sauti. Alinieleza kwamba urefu wa mita kumi ndio unaotoa msukumo wa baa moja, baa ikiwa ndicho kipimo cha msukumo. Mnara wetu ni wa mita nne, kwa hiyo maji yanatoka polepole bila kufoka, ndiyo maana miezi miwili hakuna aliyesikia kitu.

Elbo ile aliikata, akaipasua katikati kwa msumeno wa chuma, akanipa mkononi. Mabomba haya ya plastiki yaitwayo PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya moto, bomba na elbo vikawa kitu kimoja. Upande mmoja vilikuwa kitu kimoja kweli, huwezi kuona mpaka. Upande wa pili palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, unazunguka karibu nusu. Aliyeunga, miaka kumi na kitu iliyopita, alichomoa kwenye mashine haraka. Vilishikana tu, havikuungana. Nilijua ninachokitazama: ni mshono ulioruka, ule unaovaliwa mara ishirini bila kufumuka na ya ishirini na moja unaachia.

Vifaa nilinunua mwenyewe. Aliniandikia orodha kwenye karatasi, akaniambia nisome maandishi yaliyopigwa kwenye bomba lenyewe kabla ya kulipa, yasomeke PN20, alama ya bomba lenye ukuta mnene, na nisikubali jembamba zaidi hata kama ni bei rahisi. Nikachukua bodaboda mpaka hadwea, nikarudi na risiti ya mashine ya shilingi 34,500, valvu kando. Ufundi alikuwa ameshautaja baada ya kugonga ukuta na kabla ya kubandua chochote: shilingi 60,000. Haukuongezeka. Jumla nililipa 112,500. Wale wawili wa mwanzo walichukua 120,000.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kuunga. Mashine yake inafika nyuzi joto 260, ina taa, na hakugusa kitu mpaka taa ikamwambia iko tayari. Akakata bomba, akafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, akaweka alama ya kalamu bomba linapotakiwa kuishia. Akaingiza bomba huku na elbo huku, akawa anahesabu kwa midomo bila sauti, moja mpaka tano. Akachomoa, akasukuma moja kwa moja bila kuzungusha, akashika palepale, hatikisiki. Pembezoni ikatoka pete ndogo ya plastiki, sawa pande zote. Nilimuuliza kwa nini tano. Akasema bomba la saizi hii linataka sekunde tano. Ukipunguza halishiki, ukizidisha linayeyuka ndani na kuziba njia ya maji. Nimepiga pasi hariri na nimepiga pasi pamba, nikamwelewa.

Ilipofika saa kumi jioni maji yamerudi, pakavu, na mimi nataka shimo lizibwe nipumzike. Alikataa. "Hapana mama. Maji yalale ndani ya bomba usiku mmoja." Akakausha maungio yote, akayafunga karatasi ya chooni nyeupe, kavu, akasema tusiiguse. Mita niisome tena usiku na alfajiri. Alikuwa bado hajalipwa hata senti, kwa hiyo angeweza kuziba, akachukua hela yake na kuondoka, na mimi nisingejua lolote mpaka bili ije.

Alfajiri nilikwenda na tochi kabla ya kuswali. Karatasi ilikuwa kavu, unaweza kuiandikia. Mita ilisimama palepale mpaka nyekundu ya mwisho. Nilimwamsha mama nimwambie, akasema alhamdulillahi, akageukia ukutani akalala.

Fundi alirudi akafukia, akapachika marumaru zilezile. Kona iliyokatika inaonekana ukiitafuta, na simenti nyeupe ya sasa inang'aa kuliko ile ya zamani, mstari unajitokeza. Ningependa angenitahadharisha mapema nitafute ya kufanana. Kuhusu rangi ya chumba cha mama alikataa katakata isipakwe mpaka mwezi upite, ukuta utoe unyevu wake wenyewe, akasema tuache dirisha wazi mchana. Pampu yetu inayokoroma nayo hakuigusa. Alisema yeye ni wa maji, ule ni umeme, nitafute fundi wa umeme.

Wakati anakunywa chai nilimuuliza alikojifunzia. Alianza kwa kumbebea mkoba mjomba wake akiwa kijana mdogo, na baadaye alikwenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ambako hata fundi aliyejifunza mtaani hupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Cheti anacho kwenye simu, ukimwomba anakuonyesha.

Bili iliyofuata ilisoma uniti 17, kwa sababu nusu ya mwezi ule bomba lilikuwa bado linavuja. Baada ya hapo 14. Mwezi ulipotimia alipita bila kuitwa, akamwamkia bibi, akaugusa ukuta kwa mgongo wa mkono kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, akasema sasa pakeni. Marumaru za jikoni alikuja kuzirudishia Jumamosi moja kwa shilingi 15,000, na tukaelewana kabla.

Namba yake siiandiki hapa. Ameniomba isisambae, maana yuko yeye na kijana mmoja tu na hapendi kuahidi watu asioweza kuwafikia. Mwenye shida ya kweli apite barazani kwangu Kimanga, nitampigia mimi kwanza. Ila uje umeshaisoma mita yako usiku na alfajiri, maana ndilo swali atakaloanza nalo.