NuFIT kwa tunaopima modeli za nyutrino tukiwa Dodoma: uzoefu wangu

Nasoma fizikia ya nadharia hapa Dodoma, na utafiti wangu unahusu modeli za masi na mchanganyiko wa nyutrino. Huduma ninayoitumia kuliko zote ni NuFIT. Naipa nyota tano, na nitaeleza kwa nini, pamoja na pale ambapo mgeni anaweza kupotea.

Kwa asiyeifahamu: nyutrino ni chembe ndogo mno zisizo na chaji, ziko za aina tatu, na zikiwa safarini hubadilika kutoka aina moja kwenda nyingine. Jaribio la Super-Kamiokande la Japani lilitoa ushahidi huo mwaka 1998, lile la SNO la Kanada likafuata, na mwaka 2015 Takaaki Kajita na Arthur McDonald wakapewa Nobeli. Zisingekuwa na masi zisingebadilika hivyo, ilhali Modeli Sanifu, nadharia kuu ya chembe, ilizihesabu kuwa hazina masi kabisa. Tangu hapo wananadharia wanapendekeza modeli moja baada ya nyingine, na nyingi zinatabiri ukubwa wa pembe tatu za mchanganyiko, θ12, θ23 na θ13, zinazoeleza aina hizo zinavyochanganyika. NuFIT ni kazi ya kikundi cha wanafizikia wanaochukua matokeo ya nyutrino za jua, za angahewa, za vinu vya nyuklia na za viongeza kasi vya chembe, wakayachakata kwa pamoja na kutoa majedwali ya namba. Ni bure. Hufungui akaunti, huulizwi kadi ya benki.

Sasa utamu wake. Mwaka 2002 Harrison, Perkins na Scott walipendekeza mpangilio mzuri mno wa mchanganyiko: sin²θ12 ni theluthi moja, sin²θ23 ni nusu, na θ13 ni sifuri. Watu wakaujengea modeli za ulinganifu, hasa za kundi la kihisabati liitwalo A4. Machi 2012 jaribio la Daya Bay la China likaonyesha θ13 si sifuri; leo tunajua ni kama nyuzi 8.5. Mpangilio ule ukaanguka ulivyokuwa, lakini vipande vyake vikabaki. Modeli za TM1 zinahifadhi safuwima ya kwanza ya matriki yake (jedwali la namba za mchanganyiko), TM2 zinahifadhi ya pili.

Kupima hizo mbili kunahitaji kikokotoo tu. Chukua sin²θ13 kutoka NuFIT 6.0 ya mwaka 2024, takribani 0.022. TM1 inasema sin²θ12 = 1 − 2/(3cos²θ13), unapata 0.318. TM2 inasema 1/(3cos²θ13), unapata 0.341. Rudi kwenye jedwali: thamani bora ni 0.308, na masafa ya sigma tatu (sigma ni kipimo cha kutokuwa na uhakika) ni 0.275 hadi 0.345. TM1 imo ndani ya sigma moja. TM2 iko ukingoni kabisa. Nilipofanya hesabu hii chumbani kwangu Ng'ong'ona nilifurahi sana, kwa sababu namba nilizotumia ndizo hizohizo anazotumia mtafiti wa Geneva au Tokyo. Kwa mwanafunzi wa huku hilo ni jambo kubwa.

Tahadhari sasa. Toleo la 6.0 lina jedwali lenye data za angahewa za Super-Kamiokande na lingine lisilo nazo, na kwa θ23 yanatofautiana waziwazi. Kwa mpangilio wa kawaida wa masi (nyutrino ya tatu ikiwa nzito kuliko zote), moja linakupa sin²θ23 ya 0.470, jingine 0.561. Yaani moja liko chini ya nyuzi 45, jingine juu. Modeli yako isisifiwe kwa kuangalia jedwali moja. Soma yote mawili, kisha tazama michoro yake ya chi-mraba (kipimo cha jinsi thamani inavyolingana na data), maana huko ndiko unaona kuwa pande zote mbili bado zimo ndani ya sigma tatu.

Pia, usitafute humo masi yenyewe ya nyutrino. Utapata tofauti za miraba ya masi tu. Anayefanyia kazi nadharia ya bembea, ile ambayo nyutrino ina chembe mwenza, na mwenza huyo akiwa mzito mno nyutrino yetu inakuwa nyepesi mno, itambidi aangalie kwingine pia, mfano jaribio la KATRIN la Ujerumani, ambalo mwaka 2025 liliweka kikomo cha juu cha masi cha 0.45 eV (elektronivolti).

Kuhusu gharama, majedwali hayali bando. Mimi nimeyaprinti steshenari nikayabandika ukutani, umeme ukikatika kazi inaendelea. Mafaili ya chi-mraba ni mazito zaidi, hayo nayapakua kwa bando la usiku.

Matoleo ya zamani yote yapo, kuanzia la mwaka 2012, kwa hiyo kwenye tasnifu andika namba ya toleo ulilotumia. Jaribio la nyutrino la JUNO la China lilianza kukusanya data Agosti 2025, na θ12 ndiyo itakayobanwa zaidi. Ile 0.318 ya TM1 inayoonekana salama leo, mimi naiangalia kwa karibu kila toleo jipya likitoka.