Wakala aliyetupeleka kuskii Uswisi: nampa nyota tatu, na moja ilitakiwa iende soko la mitumba la Mlango Mmoja

Naandika hii kwa sababu tangu turudi kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji, watu hawaishi kunipigia, wengine hata salamu hawamalizi, ni "mama Vero mlitumia shilingi ngapi" moja kwa moja. Jina la wakala silitaji, ofisi yake ipo hapahapa Mwanza mjini na tulishamalizana naye vizuri tu, hata ukinifuata inboksi jibu ni hilohilo. Ila huduma yake naielezea yote, tamu na chungu.

Mimi nipo kiwanda cha minofu ya sangara. Koldirumu ya nyuzi 18 chini ya sifuri naingia kila siku ya Mungu, kwahiyo baba Vero aliposema miaka kumi ya ndoa twende kwenye theluji badala ya Zanzibar, baridi sikuiogopa, niliogopa hela. Yeye ugonjwa huo anao tangu 1998, alipomwona yule Mkenya Philip Boit kwenye Olimpiki ya Nagano, kamaliza wa 92, wa mwisho kabisa, na bingwa mwenyewe, Mnorwe Bjørn Dæhlie, kamsubiri pale mstarini amkumbatie. Ile ya Boit ni skii ya kukimbia kwenye njia za kawaida, siyo ya kuporomoka mlimani. Baba Vero alikuja kulijua hilo tukiwa tumeshalipa.

Sasa wakala. Kwenye viza yule kaka ni fundi, tusimnyime haki yake. Alituambia mapema kwamba maombi yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari na tusisubiri dakika za mwisho, akatupangia makaratasi yote kwa mfuatano, barua ya kazini, taarifa ya benki, nafasi ya hoteli, cheti cha ndoa, mpaka vyeti vya kuzaliwa vya watoto tunaowaacha kwa bibi yao Magu ili waone tuna sababu ya kurudi. Ada ni yuro 90 kwa kila mtu, na ukinyimwa hairudi. Alama za vidole tulienda kutoa Dar, tukapanda ndege asubuhi, jioni tupo nyumbani tunakula sato. Viza zikatoka bila neno. Nyota mbili hapo hapo.

Shida ni kwamba anauza safari ya kuskii na skii yenyewe haijui. Nilimuuliza, kaka, hii pakeji ina kila kitu? Akasema dada yangu, hii ni fulu. Nikaridhika kama mjinga, sikuuliza fulu ya nini. Kumbe ni ndege, hoteli na chai ya asubuhi basi. Pasi ya kupandia milimani haimo, kukodi skii na buti haimo, mwalimu hayumo. Na hivyo ndivyo vinavyokula hela! Zermatt, ule mji tuliokwenda, pasi ya siku moja msimu umechanganya inapita faranga 80, ambayo kwetu ni zaidi ya laki mbili kwa kichwa, kwa siku. Halafu alituweka katikati ya mwezi wa pili, wakati shule za huko nyingi ziko likizo, kwahiyo kila kitu kipo juu na foleni ya lifti za kupandia mlimani ni kama ya kivuko cha Kigongo enzi zile kabla ya daraja. Angetuweka Januari katikati, Krismasi na mwaka mpya vikishapita, tungeokoa hela ya maana.

Kingine, alitulipia gari kutoka uwanja wa ndege wa Zürich, kwenye karatasi kaandika "mpaka mlangoni mwa hoteli". Basi dereva katuendesha masaa, tukafika kijiji kinaitwa Täsch akazima gari, akashusha mabegi. Baba Vero anamuuliza vipi tena, tairi? Hapana, Zermatt magari ya mafuta hayaingii, na siyo jambo la jana, huko ndani ni vigari vidogo vya umeme tu na miguu yako. Unaacha gari Täsch unapanda treni dakika 12. Sasa si bora tungepanda treni kutoka uwanja wa ndege, unabadilisha pale Visp unaingia kwenye treni nyembamba ya milimani na inakufikisha katikati ya mji, kwa bei ya chini na unaona nchi ya watu. Nilimtumia picha yule wakala, mabegi yetu manne juu ya theluji, akajibu "pole sana dada, karibuni tena". Karibuni tena!

La bima ndilo liliniudhi zaidi na hapa nisome vizuri mtu wangu. Ubalozini wanataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na sisi tulikuwa nayo, viza ikatoka. Tunakodi vifaa jioni ile, binti wa dukani akauliza bima yenu inahusu skii? Nikafungua yale makaratasi, ukurasa wa nyuma maandishi ya sisimizi: michezo ya msimu wa baridi haihusiki. Yaani tumetoka Mwanza kwenda kuskii na bima inayohusu kila kitu isipokuwa kuskii. Na kule ukivunjika juu mlimani unashushwa kwa helikopta, wana kampuni yao kabisa, Air Zermatt, ipo tangu 1968, na bili ya helikopta haina undugu. Tulinunua bima ya ziada palepale. Wakala mwenye akili alitakiwa aulize hilo kabla ya kupokea senti yangu.

Alitupa pia orodha ya nguo, eti jaketi jipya na suruali ya skii kwa bei ambayo nilicheka, na soksi nene pea tatu za kuvaa kwa pamoja. Jaketi nikaenda Mlango Mmoja. Wanangu, kwenye mabelo ya majaketi mle mmejaa vitu vya skii na wauzaji wenyewe hawajui, wanawauzia bodaboda! Nilipata langu jekundu kwa elfu kumi na tano, la baba Vero elfu kumi na mbili. Ndani kiunoni lina kama sketi fupi ya mpira yenye vifungo, muuzaji tayari alishashika mkasi, anasema hiyo mama huwa tunaikata inabana. Nikamwambia iache kama ilivyo. Kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, kuna kimfuko chenye zipu kinachoingia vidole viwili tu, na humo ndani nikakuta kadi ya plastiki imechakaa ina picha ya mlima. "Kadi ya benki ya mzungu hiyo," jamaa akasema, "jaribu ATM."

Asubuhi ya kwanza pale kwenye geti la lifti ndiyo nikaelewa. Watu wanapita wakisogeza mkono wa kushoto karibu na mashine, inasoma pasi ikiwa humohumo kimfukoni, geti linafunguka bila kuvua glavu. Na ile sketi nikaielewa dakika ishirini baadaye, nilipoanguka kwa makalio na theluji ikaishia kiunoni, haikupanda mgongoni. Zile soksi tatu ndizo zilizoniponza, buti la skii ni gumu kama ndoo, ukijaza soksi damu haipiti, vidole vinaganda kuliko ungevaa moja. Mwalimu alinivulisha mbili palepale kwenye benchi. Soksi moja ndefu, nyembamba, ya sufu, imetosha hiyo.

Wanaoanza wanapelekwa Sunnegga, unapanda kwa treni inayopita ndani ya mlima dakika chache unatokea mita 2,288. Ziwa letu liko kama mita 1,134, kwahiyo ni mara mbili ya nyumbani na pumzi unaiona. Kwa hapo siku za mwanzo huhitaji pasi ya milima yote, ipo ya wanaojifunza na bei yake ni nafuu, tuliijua siku ya tatu. Mwalimu anakufundisha kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino, ndiyo breki yako. Inaonekana rahisi mpaka katoto ka miaka mitano kanakupita bila fimbo kanaimba. Baba Vero alijisifu kwamba yeye utotoni Mabatini walikuwa wanateleza kwenye majiwe wamekalia dumu lililopasuliwa, nikamwambia haya, shuka basi. Alishuka. Kusimama ndiyo hakukuwepo, alisimamishwa na wavu.

Na jua lile msilichezee, theluji inalirudisha usoni, niliungua pua mpaka ikachunika na weusi wangu huu. Lakini siku ya nne niliteremka njia ya bluu, ile rahisi, mwanzo mpaka mwisho bila kuanguka, Matterhorn mbele yangu imechongoka mita 4,478, nikalia kidogo ndani ya miwani. Baba Vero akasema mbona hata urefu wa Kili haijafika. Ndiyo, mume wangu.

Nyota ya tatu nampa kwa sababu tuliporudi nilimwekea yote haya mezani, hakubisha, alichukua kalamu akaandika, na hela ya lile gari alirudisha nusu. Ukienda kwake mwambie akutenganishie bei ya pasi, vifaa na mwalimu, na bima muisome pamoja mpaka ukurasa wa nyuma.

Juzi nimepanda boda kutoka Kirumba, dereva kavaa jaketi la bluu lenye kimfuko kilekile mkononi. Nikamuuliza unaweka nini humo. "Chenji za mia mia mama, nikifika sihangaiki kuvua helmeti kutafuta mfukoni." Nikataka nimweleze kazi yake, nikaona ya kwake ina maana zaidi, nikanyamaza.